Futi Tatu za Mutie

Dandora
Februari 4, 2025

Kwako Jacklyne,

Wewe mtoto, miguu unayo bado, au uliwagawia wagonjwa huko Lodwar? Miaka miwili na mwezi mmoja sijaona uso wako. Krismasi mbili nimechinja kuku, nikakaa nikitazama mlango, na mara zote mbili wapangaji wamekula huyo kuku. Walisema alikuwa mtamu. Mimi sikuonja, nilikuwa na hasira.

Usiniambie ulinipigia simu mimi nyanya yako. Simu yako ni "Dani, umekula? Umemeza dawa? Haya, naitwa wodini," halafu kimya. Nimeizima, iko ndani ya debe la unga. Karatasi haimkatii mtu maneno. Mimi natamka, na anayeandika ni Muthoki wa chumba cha pili, yule aliyekuwa karani wa kanju, baraza la jiji, mpaka alipostaafu. Na wewe unijibu kwa karatasi.

Haya. Jumamosi nilikuwa uani nachambua dagaa wa omena, akaingia mwanamume amebana mkebe mrefu kwapani. Hata hodi hakupiga. Akaanza kutazama kuta zangu kama mtu anayepunguza bei ya ng'ombe mgonjwa. Kisha akamuuliza Muthoki, "Nyinyi mnahama lini?"

Nikamuuliza, "Wewe ni nani wa kuhamisha watu?"

"Naitwa Maingi, mama. Mimi ni fundi. Nimetumwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye huyu mwenye omena. Hebu sema tena nani alikutuma."

Ndipo akataja jina lako. Jacklyne, niliona haya. Si kwa sababu yake, kwa sababu yangu, maana nilikuwa sijui lolote na mgeni anajua kila kitu. Akafungua ule mkebe akatoa karatasi pana kama shuka. Akasema ndiyo nyumba, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na kwamba uliinunua ikiwa tayari imechorwa, mle ndani ya simu, kama mtu anunuavyo viatu. Akataka nitie kidole gumba kwenye fomu ya kukubali nyumba ya zamani ivunjwe.

Kidole nimekificha chini ya kwapa na hakitoki. Niambie, aliyeichora hiyo nyumba aliwahi kusimama hapa? Anajua mvua inaingilia upande gani? Alikuuliza nani analala wapi? Hata fundi wa viatu hushika mguu kwanza.

Nijibu upesi. Wapangaji hawalali vizuri, na huyu Muthoki anayeandika ni mmoja wao.

Mimi Dani wako,
Phelister (nimetia kidole hapa, kwa barua tu)


Lodwar
Februari 11, 2025

Dani mpendwa,

Pole kwa Maingi kuja kabla yangu. Nilimwambia angoje nizungumze nawe kwanza, hakungoja. Hilo ni kosa langu.

Lakini mengine si kosa, Dani. Mara ya mwisho nilipokuja nililala chumbani kwako, na juu ya kitanda chako niliona ufa unaopitisha vidole viwili. Umeuziba kwa gazeti. Nikilala huku nauona huo ufa. Kila mvua ikitajwa kwenye redio nafikiria ukuta unakuangukia, na mimi, muuguzi, niko mbali natibu nyanya za wengine. Ndiyo sababu sikuja. Nilijiapia kwamba nikirudi narudi na nyumba, si na kilo ya sukari.

Ramani si ya kubahatisha. Kuna duka la ramani kwenye mtandao, mtu anachagua kwa upana wa ploti. Nilichukua kipimo kwenye ile karatasi ya kanju ya Babu Ooko, ambayo nina nakala yake. Nikatafuta ramani ya upana huohuo, nikaipata, sawasawa kabisa, ukuta kwa ukuta, hakuna nafasi inayopotea. Ina picha za rangi. Ina roshani. Wewe utakaa chini, sebule yako itakuwa na madirisha makubwa yanayotazama nyuma, mbali na kelele za barabara. Kuita msanifu aje achore upya ni miezi, na mvua za masika hazingoji.

Maingi ataanza Machi. Wapangaji nitawapa notisi ya heshima. Mwambie Muthoki nyumba ikiisha atakuwa wa kwanza kurudi, simfukuzi.

Tia kidole, Dani. Nakuomba.

Nyakwari,
Jacklyne


Dandora
Februari 18, 2025

Jacklyne,

Barua yako Muthoki aliisoma mara mbili. Pale penye ufa nilimwambia arudie tena. Sasa nimejua kwa nini hukuja, nami nakwambia ni ujinga wa mapenzi. Ningekunywa chai bila hiyo sukari, mradi uje. Lakini asante, nyakwara, mjukuu wangu. Asante.

Sasa sikiliza. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, karatasi ile kwangu ni mistari ya kuku. Kwa hiyo nimeisoma kwa njia yangu. Nilimwambia Muthoki anitajie vipimo, na nikafunga mafundo kwenye kamba, kila futi fundo moja. Nikaomba kila mpangaji alete majivu ya jikoni kwake. Tukachora nyumba yako chini uani, chumba kimoja kimoja, kwa ukubwa wake hasa, nami nikaingia ndani yake nikakaa.

Jiko lako niliingia na sufuria ya ugali. Nikageuka kuchukua mwiko, makalio yakatoka nje ya ukuta. Wapangaji walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Chumba changu cha kulala kiko juu ya mfuniko wa sewa. Si karibu nao, juu yake. Hiyo sewa ya majitaka ndiyo kanju waliyotupa sisi wa kwanza, pamoja na choo na bafu, wakatuambia vyumba mjijengee wenyewe. Majitaka ya nyumba sita mfululizo yanapita hapo. Ikiziba, na huziba, vijana wa kuzibua wataniambia nini? "Nyanya, tafadhali sogeza kitanda"?

Na hayo madirisha makubwa ya nyuma, ulisahau nyuma kuna nini? Umezaliwa hapa! Nyuma ni jaa. Moshi wake unaingia kwa tundu la ufunguo, sembuse dirisha la ukubwa wa kitanda. Aliyechora alikuwa na bustani kichwani. Simlaumu, hakuambiwa.

Muthoki naye ana neno lake. Anasema miaka aliyobeba mafaili alijifunza kwamba ramani isiyo na muhuri wa msanifu na wa injinia hurudishwa, kwa sababu muhuri ni jina la mtu aliyekubali kulaumiwa nyumba ikianguka. Ametafuta karatasi yako mbele na nyuma. Ina picha ya gari jekundu limeegeshwa mlangoni. Jina la wa kulaumiwa halimo.

La mwisho, halafu nifunge. Tulivuta kamba mbele, barabarani, tangu ukuta wa upande wa kanisa. Nyumba yako haienei. Inapita ukuta wetu na kuingia futi tatu kwenye kile kichochoro cha jirani yetu Mutie, mchonga vinyago. Basi iache. Usiniulize mengi. Haienei, iache.

Dani wako,
Phelister


Lodwar
Februari 24, 2025

Dani,

Unaniambia nisiulize. Nimeuliza. Nilimpigia Maingi, naye akapima kwa utepe wake wa chuma, si kwa mafundo. Ni kweli, tumepungukiwa futi tatu, kuanzia barabarani mpaka nyuma kabisa. Karatasi ya kanju haijapungua, ardhi ndiyo imepungua. Ardhi haitembei, Dani. Kuna aliyeihamisha.

Nimekua nikimwita huyo mzee Babu Mutie. Alinichongea twiga. Kumbe kila siku nikipita kumsalimia nilikuwa nakanyaga ardhi yetu, aliyomwibia Babu Ooko, mtu wa reli aliyekuwa kazini mchana kutwa, na mke asiyeweza kusoma vigingi vya mpaka. Sasa naelewa kwa nini unaniambia niache. Unamwogopa, au unamwonea huruma kwa kuwa alikatwa mguu. Mimi pia namhurumia. Lakini huruma haibebi nguzo.

Ya sewa na madirisha nimeyasikia, nitaongea na waliouza ramani wanibadilishie. Futi tatu siwezi kuzibadilisha, kwa sababu bila hizo nguzo za upande mmoja zote hazina mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatatu tarehe 3 Machi Maingi anavunja ukuta wa kile kichochoro na kurudisha mpaka ulipo kwenye karatasi. Nakala ya karatasi anayo. Kama Mutie ana neno, alipeleke kwa chifu. Notisi za wapangaji zimo ndani ya bahasha hii. Nisamehe, Muthoki, kwa kukufanya uisome ya kwako.

Siku hiyo kaa ndani, Dani, usipigwe na mawe.

Jacklyne


Dandora
Februari 28, 2025

Jacklyne,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, na nimemwapisha kwa jina la mama yake. Simu nimeitoa kwenye unga, imekufa, na neno hili si la simu ya kuazima. Isome ukiwa umesimama, ukimaliza umpigie Maingi simu papo hapo.

Mutie si mwizi. Mwongo ni mimi, na babu yako, na yeye Mutie. Watatu. Nimekaa na jambo hili tangu kabla mama yako hajazaliwa, na sasa ona lilipotufikisha.

Kanju walipotugawia ploti walitoa muda. Muda ukiisha hujajenga, ploti inaenda kwa mwingine, na waliokuwa wakingoja walijaa uwanja. Babu yako alikuwa fundi wa mabehewa. Mwezi wa pili tu mguu wake ukabanwa kati ya mabehewa mawili, akalazwa. Mimi nilikuwa na mimba ya mama yako, tumbo hili mbele, na rundo la mawe ambalo sikuweza kuinua hata moja. Mutie alikuwa ameanza ploti yake hapo kando. Tulikuwa hatujuani hata wiki kumi. Akaacha ya kwake, akajenga yetu. Vyumba viwili, hivi ninavyolala mpaka leo. Huo ufa unaoulilia uko kwenye mawe ya mkono wake.

Halafu inspekta akaja, na sheria ilikuwa lazima amwone mwenye ploti kwa macho. Kama angejua Ooko yuko hospitalini na hajulikani atatoka lini, tumekwisha. Mutie akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya reli ya babu yako. Inspekta akauliza, "Wewe ndiye Ooko?" Akasema ndiye. Jacklyne, yule inspekta alikuwa Mjaluo! Akamsalimu kwa lugha yetu kwa furaha, akamuuliza wa nyumbani, akamuuliza mvua ya kwetu. Mutie, Mkamba wa Machakos, alijua neno moja tu, "ber", yaani "njema". Akasema "ber". Akaulizwa lingine, akasema "ber". La tatu akashikwa na kikohozi, akakohoa mpaka machozi, na mimi nikapiga kelele kwamba mume wangu ana kifua kibaya. Inspekta akarudi nyuma, akaandika, akaenda.

Muthoki ameweka kalamu chini. Ananitazama kama bado analipwa na kanju. Nimemwambia andika, mama, ulistaafu, na wote walioandikwa kwenye hilo faili ni marehemu isipokuwa mimi na Mutie. Ameshika kalamu tena. Anacheka, lakini anaandika.

Siku Mutie alizotupa sisi ndizo zilizompungukia yeye. Alijenga yake mbiombio, usiku wa kuamkia mwisho wa muda, ukuta mpaka ukuta, vyumba vya nyuma vikakosa njia. Ili mtu wa nyuma atoke ilibidi apite chumbani kwa wa mbele. Babu yako aliporudi na magongo akaona hilo, hakukaa hata kunywa maji. Akasema, "Mutie, ulijifungia ndani kwa ajili yangu. Chukua futi tatu upande wangu upitie." Wakasogeza ukuta wenyewe, mmoja akiwa na mguu mmoja mzima. Hawakuandika, maana wangeandika nini? "Nampa huyu ardhi kwa sababu alidanganya kwamba yeye ni mimi"?

Nilinyamaza kwa woga kwamba kanju ikijua itasema ploti ilipatikana kwa uongo. Ulipoomba karatasi ile nilikupa nikifurahi, sikukwambia karatasi na ardhi haviko sawa. Ulipimia karatasi ukadhani umenipimia mimi. Hapo kosa ni langu, nakuomba unisamehe.

Sasa hicho kichochoro ndiyo njia pekee ya Mutie kutoka na kile kiti chake cha magurudumu. Ukikivunja umemzika akiwa hai.

Kama barua hii itachelewa, Maingi atanikuta kichochoroni. Hayo mawe yaanze na mimi.

Phelister


Lodwar
Machi 5, 2025

Dani,

Basi lilifika Jumatatu saa nne asubuhi. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, kama ulivyosema, nikampigia Maingi papo hapo. Akaniambia, "Dada, nimeshapiga nyundo mbili. Ya tatu sikuweza. Kuna nyanya ameketi kwenye kigoda upande wa pili, ameegemeza mgongo palepale ninapopiga, anachambua omena." Nikamwambia aondoke. Akasema alikuwa ameshaondoka, amekaa kibandani anakunywa chai kutuliza moyo.

Nyundo mbili, Dani, na mgongo wako upande wa pili. Nimeomba ruhusa ya kazi siku hiyohiyo.

Acha nami niseme niliyoficha. Ile ramani nilimwonyesha Mumina, injinia anayesimamia wodi mpya hapa kwetu. Nilimwonyesha mapema, kabla hata ya barua yako ya majivu. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Karatasi za msingi na vyuma ziko wapi?" Sikuwa nazo. Nilichonunua ni mpangilio wa vyumba na picha, yale mengine huuzwa kivyake au hayapo kabisa. La pili, "Udongo wa kwenu ni upi?" Nikamwambia mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Akasema ramani hii imekusudiwa ardhi ngumu, na kwenye udongo huo ingepasuka kabla rangi haijakauka. Waliouza nao wameniandikia kwamba hawabadilishi na hawarudishi. Ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa herufi ndogo, na sikuisoma. Ya Mumina niliyajua yote, na bado nikamtuma Maingi, kwa sababu niliogopa nikisimama sitaanza tena.

Kwa hiyo ramani hiyo imekufa. Lakini Dani, nyumba haijafa, na ufa haujafa. Mumina anasema hata ramani mpya itachorwa vyema zaidi kwa upana kamili wa kwenye karatasi, na bila hizo futi tatu vyumba vya kupangisha vitapungua kila ghorofa. Usinikasirikie. Ahadi ilikuwa ya Babu Ooko na Babu Mutie. Sheria haiijui. Je, haiwezekani tuzungumze naye, tumtafutie chumba kizuri cha mbele, ili atuachie njia? Nauliza tu. Wewe ukisema hapana nitasikia.

Nyakwari,
Jacklyne


Dandora
Machi 9, 2025

Nyakwara Jacklyne,

Mgongo haujambo. Nyundo ya pili ilinitikisa meno mawili, na hayo yalikuwa ya kung'oka tu. Hao Maingi unaowatuma wafundishwe kupiga hodi. Alirudi jana kuniomba msamaha na nikamlisha. Ni mtu mzuri akishiba.

Umekiri, nami nilikiri, tumekuwa sawa. Notisi za wapangaji nimewashia jiko. Muthoki anasema hazina nguvu kwa kuwa mwenye ploti hakutia kidole, lakini mimi nilizichoma hata hivyo ili alale.

Unataka niseme hapana, halafu utii, halafu kila ukiona vyumba vimepungua useme Dani alikunyima. Sitasema.

Sikiliza yaliyotokea. Jumatatu ile, nyundo ziliponyamaza, Mutie alijisukuma na kiti mpaka nilipoketi. Alikuwa amesikia kila kitu, ukuta wenyewe ni jiwe moja. Akasema, "Phelister, mtoto anajenga. Mimi nina siku ngapi? Zichukue futi zako, nitapitia dirishani kama paka." Akacheka. Mimi sikucheka. Ningeweza kumjibu, neno lilikuwa hapa ulimini. Nikaona si langu. Aliyempa njia amekufa, na mimi ni wa kuondoka. Atakayeamka ndani ya hiyo nyumba miaka arobaini ni wewe. Jibu la Mutie unalo wewe.

Ukizichukua, nitatia kidole. Sitakuzuia, karatasi na sheria ziko upande wako. Lakini mimi nitahamia kwa Muthoki popote atakapokwenda, sitalala ndani yake hata usiku mmoja. Ukiziacha, nitatia vidole vyote kumi, na ukuta wa ufa nitaubomoa mwenyewe, mradi mchoraji aje asimame uani, anuse jaa, aone sewa, achimbe shimo atazame udongo, aniulize nalala nikitazama wapi. Nyumba iwe nyembamba, tutanyooka ndani yake.

Haya, umesema umeomba ruhusa. Ukishuka kwenye basi usije kwangu kwanza. Hata nikikuita kutoka mlangoni, usigeuke. Ingia kwa kile kichochoro, peke yako, mpaka mwisho. Atakuwa ameketi anachonga. Chuchumaa uso wako uwe sawa na wake, umjibu kwa kinywa chako, ndiyo au hapana. Ukishamjibu, ndipo upige hodi kwangu.

Dani wako,
Phelister